Jinsi ya Kumwamini Mjane wa Jenerali

Barua pepe imeingia usiku wa manane. Mtumaji humjui, ila anakuita "Mpendwa wangu katika Bwana". Usikimbilie kuifuta. Mtu anayekupenda bila hata kulijua jina lako si wa kupuuzwa.

Pima kwanza dhiki yake. Mtumaji wa kuaminika ni mjane wa jenerali, ana saratani ya koo, na ameachiwa dola milioni 18.5. Hiyo nukta tano ndiyo ushahidi. Mwongo angesema ishirini. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hukupa mstari mmoja tu, mwenzao huyu kakuandikia kurasa tatu. Mheshimu. Hadithi ikikushinda kuelewa, jua si bahati mbaya. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alieleza kwa nini matapeli wengi hutangaza waziwazi kwamba wako Naijeria: wajanja wajiondoe mapema, wasiwapotezee muda. Ukifika aya ya tatu hujacheka, umefaulu usaili.

Jina la mtumaji lisikubabaishe. Hilo mtu hujipachika apendavyo, kama daladala linavyojiandika "Boeing" kwenye kioo cha nyuma. Kama umedhamiria kujiharibia siku, tazama kilichoandikwa baada ya alama ya @, tena ukianzia kulia. Ofisi za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, za Kenya .go.ke. Ukikuta go.tz imebanwa katikati na mwisho kabisa pana .com, hiyo wizara ina mwenyewe, na si Serikali. Hata anwani iliyonyooka huweza kughushiwa, kwa hiyo bonyeza "jibu", usitume, uone jibu lako linaelekea wapi. Likielekea Gmail ya mtu mwingine, huenda waziri ameazima simu.

Akikwambia akaunti yako itafungwa ndani ya saa 24, shukuru kwa kujaliwa. Kuipigia benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako ni utovu wa adabu. Kiambatisho cha ankara ya kitu ambacho hukununua, fungua; pengine ulinunua usingizini.

Mwisho itakuja ada: dola 350 za wakili, halafu ushuru, halafu wakili tena. Hapo mjibu kwa upole kwamba wazikate humo humo kwenye milioni 18.5, zinazobaki wakutumie. Wakikubali, nipe na mimi anwani yao.