Friji Iliyogandisha Insulini ya Bibi

Bibi ndiye aliyegundua. Alifungua friji alfajiri achukue insulini yake, akakuta chupa imekuwa barafu tupu. Nyanya zilikuwa ngumu kama mawe, mchicha unavunjika vidoleni. Kioo cha mlangoni, kwa utulivu kabisa, kilisoma nyuzi joto 16, huku kompresa ikiunguruma bila kupumzika. Hapo tukaelewa kwa nini uniti za umeme wa LUKU zilikuwa zinakwisha mapema.

Insulini ikishaganda ni ya kutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Baba alikimbilia duka la dawa kununua chupa nyingine, na ikabidi ikae ndani ya chungu kidogo kilichozungukwa na mchanga mbichi katika chungu kikubwa, kwa kuwa joto la Dar es Salaam halina huruma na dawa hiyo. Bibi mwenyewe ndiye aliyeunyunyizia maji mchanga ule.

Fundi aliyeitwa akapapasa mabomba ya nyuma, akasema, “Mama, hapa gesi imekwisha. Tujaze.”

Bibi akamjibu akiwa mkekani, “Mwanangu, gesi ikiwa imekwisha, mchicha umegandishwa na nani?”

Swali hilo liliokoa fedha zetu. Friji iliyoishiwa gesi hushindwa kupoza. Yetu ilikuwa na nguvu zake zote, ila ilikuwa inapewa habari za uongo.

Kijana wa jirani, anayesomea umeme katika chuo cha ufundi cha VETA, alichomoa plagi, akafungua kifuniko cha ndani na kuitoa sensa ya joto: kitone cheusi cha plastiki kwenye ncha ya nyaya mbili nyembamba. Ukinzani wake hupanda kadiri baridi inavyozidi. Sensa ya kwetu ilikuwa ya kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25, kwa hiyo ndani ya barafu ilipaswa kusoma karibu 30. Akaponda barafu katika bilauri, akatia maji kidogo, akaichovya na kukoroga taratibu huku sote tumeinamia multimita. Ikasimama kwenye 15. Kumbe kwa bodi ya friji, barafu ile ilikuwa na joto la nyuzi 16! Ndiyo maana kompresa haikuruhusiwa kupumzika. Tulipoigeuza sensa tukaona ufa mwembamba mno. Unyevu ulikuwa umepenya humo.

Sensa nyingine ya kipimo kilekile ilipatikana Kariakoo kwa bei ndogo sana kuliko ya kujaza gesi. Kijana alilehemu nyaya, akaziba maungio yasiingie maji, akairudisha palepale. Usiku kompresa ilinyamaza, bibi akaamka kuuliza kama umeme umekatika.

Ndugu msomaji, kama kwako kuna mwenye kisukari, usiitegemee namba ya mlangoni peke yake. Weka kipimajoto ndani ya bilauri ya maji kwenye rafu ya katikati, kilale humo usiku kucha. Asubuhi kisome kati ya nyuzi 2 na 8. Na insulini isigusane na ukuta wa nyuma.