Pasi Yangu Iko kwa Mjumbe

Pasi yangu iko kwa mjumbe. Imelala huko tangu jana usiku, imeviringishiwa waya wake shingoni, na leo nimeingia kazini na shati lililokunjamana mpaka mlinzi wa getini akaniuliza kama nimeteremka sasa hivi kwenye basi la mkoani.

Kosa langu, eti, ni kumaliza umeme. Nyumba tunayopanga ina vyumba sita vya wapangaji na mita moja ya LUKU. Mwanzo wa mwezi kila chumba kinatoa shilingi 5,000, mama mwenye nyumba ananunua. Safari hii umeme umekata kabla mwezi haujafika mwisho, mama akaitisha kikao uani na kumleta mjumbe. Wakapita chumba kwa chumba na tochi ya simu, wakihesabu vifaa. Kwa mwalimu: taa na redio. Kwa wale maharusi: taa, feni, televisheni. Kwangu: taa, feni, chaja, pasi. Mjumbe akainyanyua juu ili wote waione.

"Haya sasa. Hii ndiyo inayokula," mama akasema, na wapangaji wenzangu wakaguna mguno wa watu waliopata mchawi wao.

Nikaomba kujitetea kwa hesabu. Pasi ya wati 1,000 inakula uniti moja ikiwaka saa nzima. Mimi shati langu nalimaliza kwa dakika kumi, yaani moja ya sita ya uniti, ambayo ni kama shilingi 60. Nilisikilizwa kwa heshima zote. Kisha mjumbe akauliza, "Sasa mwanangu, mbona inachoma hivyo?"

Hapo akaingia mtoto wa nyumba ya pili na shilingi mia yake mkononi, anataka barafu ya ubuyu. Mama akasimamisha kikao, akaenda koridoni, akafungua friza. Friza la mama hilo, linalounguruma usiku na mchana, halikuhesabiwa kwa sababu haliko chumbani mwa mtu. Barafu zilikuwa zimeanza kuyeyuka, akamwongezea mtoto moja ya bure. Kikao kikaendelea na ajenda ya pasi.

LUKU nimeichunguza sana tangu nihamie humu, na kadiri ninavyoielewa ndivyo ninavyozidi kuumia. Mteja wa nyumbani asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi anauziwa uniti kwa shilingi 100, kabla ya kodi na tozo. Akizidisha, uniti za juu yake ni shilingi 350 kila moja. Mwenye matumizi makubwa yuko kundi lingine, la shilingi 292. Bei ya chini imewekwa kwa ajili ya mtu wa taa mbili na redio, na mtu huyo ni mimi, ni mwalimu, ni maharusi. Lakini mita haioni wapangaji, inaona nyumba. Tukijumlishwa sote, pamoja na barafu, tunavuka 75 bila jasho, na kwenye vitabu vya umeme tunageuka tajiri mmoja. Shilingi 5,000 yangu humu ni uniti 14. Ningekuwa na mita yangu kwenye lile kundi la chini, hela hiyohiyo ingenipa 41. Kwa kuwa sina uwezo wa kupanga nyumba nzima, basi natozwa bei ya mwenye nyumba nzima.

Halafu kuna kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU: nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, 2023 ikapanda hadi 1,500. Ni kodi ya mwenye jengo. Nilipomwomba mama kwa adabu aturudishie kwenye pango, akaniuliza, "Kwani kwenye hilo jengo analala nani?" Hili silioni la kuchekesha. Mtu ana nyumba, anapokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ushuru wake analipiwa na muuza mitumba wa chumba cha tano.

Ya dalali aliyechukua hela ya usumbufu na kunionyesha chumba ambacho mwenyewe alikuwa bado anakula humo, nayasamehe. Ya choo kufurika masika, vilevile.

Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za pango ilifutwa 2005, kwa hiyo ngao ya mpangaji ni ile karatasi anayosaini. Yangu, kwenye umeme, imeandikwa hivi tu: "Umeme ni maelewano." Wewe usisaini maelewano. Ukionyeshwa chumba, vigae na rangi ya dari viache kwanza, uliza mita iko wapi na inalisha vyumba vingapi. Ukiambiwa mnachangia, taka mita ndogo ya chumba chako, na iandikwe nani anabeba kodi ya jengo. Tena pita koridoni usiku, usikilize kinachounguruma.

Na kama unajua chumba chenye LUKU yake, Tabata au Kimara, usinifiche. Udalali wa mwezi mmoja nitakulipa wewe.