Yezebeli Wangu ni Afisa Mikopo

Jirani, hivi wewe amani ya moyo unaipatia wapi? Maana naambiwa ipo. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Wale wa mikopo ya kausha damu wanapiga simu kabla jogoo hajaamka. Luku inalia. Mama Neema ananiambia, "Baba Neema, mwachie Mungu." Sawa, namwachia. Mbona simu inaita kwangu?

Ndo akanikokota jumuiya. Kanisani afadhali, unakaa nyuma kabisa, unasinzia kidogo, nani atajua? Jumuiya ni sebuleni kwa mtu. Jumamosi, saa 12 asubuhi! Mmebanana kwenye kochi, ukipiga mwayo wanaona mpaka magego. Katekista anasema hizi jumuiya ndogondogo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipitisha miaka ya 1970, ili waamini wafahamiane. Kumbe! Sijazaliwa, sijaanza hata kudaiwa, wameshanipangia.

Si nikaambiwa nisome. Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Natafuta. Zaburi hii hapa. Matendo. Nikarudi, Zaburi tena. Jasho. Katoto ka darasa la tatu kakaninyang'anya Biblia, kakafungua paap, kakanirudishia. Watu wakakohoa kile kikohozi cha kucheka.

Basi nikasoma habari za Eliya. Nabii mzima, katoka kuwashinda manabii 450 wa Baali mlimani Karmeli. Halafu malkia Yezebeli anamtumia salamu moja tu ya vitisho, huyo! Mbio mpaka jangwani, anakaa chini ya mti, anaomba afe. Nikanyamaza katikati ya mstari. Huyu si mimi kabisa? Tofauti yetu, Yezebeli wangu ni afisa mikopo.

Nikangoja Mungu amchambe. Wapi! Kaletewa mkate wa moto na maji. Kala, kalala. Kaamshwa, kala tena. Semina hakuna. Hata kule mlimani Horebu, upepo umevuma, ardhi imetikisika, moto umewaka, Mungu hayumo. Kaja kwa sauti ndogo. Na mimi miaka yote naifuata amani kwenye mikesha yenye spika za kung'oa mabati! Narudi na masikio yanavuma na deni lilelile.

Ikafika zamu ya nia za maombi. Kila mtu anataja lake. Mimi na aibu yangu nikaombea wagonjwa wote duniani. Bibi mmoja pembeni yangu akadakia, "Na tumwombee Baba Neema, anadaiwa." Jamani! Kumbe mtaa mzima wanajua. Wakaniombea kwa jina, taratibu, bila kupiga kelele. Halafu chai ya tangawizi na maandazi. Kijana wa bodaboda akaninong'oneza, "Mzee, hata mimi walewale." Tukacheka mpaka chai ikanipalia.

Mchana ule nililala, Mama Neema akaja kunigusa kama napumua. Deni? Liko palepale, lenyewe halisali. Simu nayo bado inaita alfajiri, ila siku hizi naipokea nikiwa nimekaa kitako, sijifichi tena chooni.

Sasa jirani, Jumamosi hii jumuiya inasali kwangu. Naomba viti vyako vya plastiki. Na sukari nusu kilo, nitarudisha.