Mjomba Spoki Anajibu

Barua ya kwanza ya wiki hii imetoka kwa kijana wa Morogoro anayelalamika kwamba mwenzake humpiga kisigino kila wakikata kona. Mjomba Spoki alikwisha kushika kalamu amshauri aite wazee, ndipo akafika aya ya pili: mwenzake huyo ni gurudumu la mbele. Kijana anachomelea baiskeli ya kuegemea, ile ambayo mtu hukaa kama yuko kwenye kiti cha uvivu, pedali zikiwa mbele kabisa. Amefunga magurudumu ya Phoenix, inchi 28, mbele na nyuma, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa stoo.

Mjomba hamung'unyi maneno. Gurudumu kubwa la mbele litagombana na visigino, la sivyo pedali na siti zipandishwe mpaka miguu isifike chini kwenye taa za barabarani. Ndiyo maana wajenzi wengi huweka inchi 20 mbele na 26 nyuma, ambako hakuna mguu wa kugongwa. Ila asipachike gurudumu dogo kwenye foku ileile ya 28: breki hazitaifikia rimu, na pua ya fremu itashuka sentimita 10 hivi.

Mama mmoja wa Tanga ana rimu ya inchi 20 na tairi la inchi 20, na viwili hivyo havitaki kuonana.

Pole, mama. Inchi za baiskeli haziaminiki. Mjomba anamwomba asome namba ndogo ubavuni mwa tairi. Likiandikwa 47-406, lina upana wa milimita 47, na linakaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 406. Hilo ni la BMX. Lake huenda ni 37-451, nalo pia dukani huitwa inchi 20! Tofauti hiyo ya milimita 45 haizibwi kwa sabuni wala bisibisi. Ukoo wa 28 nao ni hivyohivyo: Phoenix ni 635, za mashindano 622. Achague 406, maana baiskeli za watoto zimelisambaza tairi hilo.

Mwalimu mstaafu wa Mwanza, yeye anadai magurudumu madogo ni mwendo wa kobe. Mjomba anamtajia Francis Faure: Paris, Julai 1933, juu ya baiskeli ya kuegemea ya Charles Mochet yenye magurudumu madogo, alikwenda kilomita 45.055 kwa saa moja na kuivunja rekodi ya Oscar Egg ya mwaka 1914. Mwaka uliofuata UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, ikazifungia nje baiskeli za aina hiyo. Wivu, anasema Mjomba.

Kinachomchosha mwalimu ni giya. Kwa sahani ya meno 44 na sproketi ya 20, mzunguko mmoja wa pedali husogeza gurudumu la 28 karibu mita 5, lakini la inchi 20 mita 3 na nusu tu. Atafute sahani ya 52 na sproketi ya 13, apate mita 6 na zaidi. Kilima cha Bugando kikimkaba, aongeze sproketi kubwa nyuma, gurudumu aliache.