Ombi la Wanavudee kwa Inspekta Jenerali wa Polisi

Afande,

Utani wa mitaani unasema Mpare huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Wanavudee, Wapare wa Same, hawajawahi kuukanusha. Ila gharama zimewachosha, hivyo wanaomba ruhusa ya kutumia utaratibu wa jeshi lako: mbuzi akila mahindi ya jirani, mwenye mbuzi ndiye achunguze, ahoji mashahidi, kisha aongee na waandishi wa habari.

Faida zake wameziona. Tarehe 16 Februari 2018, polisi wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA walioandamana Kinondoni, risasi iliingia ndani ya daladala ikamuua Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Jalada likafungwa, mfyatuaji hakujulikana. Waliojulikana ni viongozi wa CHADEMA: Machi 2020 walitozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 350 kwa makosa yaliyotokana na maandamano hayo hayo, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta hukumu mwaka uliofuata. Kwa hesabu za Vudee, hapo mwenye shamba ndiye kapigwa faini, kwa kupanda mahindi yanayopendwa na mbuzi.

Wazee wana wasiwasi mmoja. Utaratibu huu huvuja pale kesi ya polisi inapofika mahakamani.

Mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi Nyololo, Septemba 2012, wenzake wakipiga picha. Askari mmoja akafungwa miaka 15. Juni 2025, Mahakama Kuu Mtwara iliwahukumu maofisa wawili wa polisi kunyongwa kwa kumuua Mussa Hamisi, mfanyabiashara wa madini aliyekuwa akidai fedha zake zilizochukuliwa na polisi. Mpare yeyote angemwelewa: alikuwa anadai chake.

Wakenya tangu 2011 wana IPOA, chombo cha kiraia cha kuwachunguza polisi. Hapa, mwaka 2023, Tume ya Haki Jinai ya Jaji Chande Othman ilitaka jeshi lako lifumuliwe na kuundwa upya. Baada ya mauaji ya uchaguzi wa Oktoba 2025, jaji huyo huyo akapewa tume nyingine.

Hawa ni wajukuu wa watu walioshuka Same kwa maelfu mwaka 1945 kuihoji kodi ya mbiru ya wakoloni, Afande. Subira wanayo. Ombi lao likikataliwa kwa hoja kwamba mtuhumiwa hawezi kujichunguza, wanaomba nakala ya barua ya kukataa ipelekwe bungeni, ikiambatana na muswada wa chombo huru cha kuchunguza polisi.