Harusi Haitoshi Kwenye Diski

Katika ukoo wetu ukionekana mara moja tu umefungua kompyuta, basi wewe ni fundi. Ndiyo maana shangazi alipoona mikanda ya familia imeanza kuota ukungu kabatini, hakuhangaika kutafuta mtu mwenye duka. Alipakia boksi kwenye bodaboda, akanipigia: "Baba, nichomee hizo kwenye DVD. Wala si kazi."

Sawa. Tuiangalie hiyo isiyo kazi.

Ndani ya boksi kulikuwa na mikanda mikubwa ya VHS ya harusi ya mwanawe, 1997, zama ambazo mpigapicha alibeba kamera begani na kijana mwingine akamfuata nyuma na taa ya kutia watu upofu. Kulikuwa na vikanda vya VHS-C, ambavyo haviingii kwenye deki mpaka uvivalishe gamba lao, na gamba halikuwemo. Na kulikuwa na MiniDV za shemeji anayeishi Marekani, ambazo huchezwa na kamera au deki ya aina yake tu. Kamera ilikuwemo. Chaja, je? Shangazi anasema ilikuwepo.

Deki nayo uitoe wapi? Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Fundi wa Kariakoo mwenye deki inayozunguka analijua hilo vizuri kuliko mimi, na bei yake ya kukodisha ilionyesha kwamba analijua. Nikalipa. Nikachomeka zile nyaya tatu, ya njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti, nikabonyeza, nikakaa.

Kukaa ndiyo kazi yenyewe. Mkanda wa saa tatu hula saa tatu, uwe na kompyuta ya bei gani. Na huwezi kuuacha peke yake, kwa sababu unangoja uende jikoni ndipo uanze chenga. Urudi mbio, usimamishe, usafishe kichwa cha deki kwa spiriti, urudishe nyuma, uanze tena. Kwa hiyo nimeitazama harusi nzima, jambo ambalo naamini hata maharusi hawajalifanya.

Mpigapicha yule alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Foleni ya chakula ameipiga kuanzia mtu wa kwanza mpaka sufuria linakwanguliwa. Kila aliyeona kamera inamjia aliacha kutafuna, akatazama mbele na shavu limejaa, akangoja ipite. Zawadi ndiyo usiseme: kila kundi lilicheza kuanzia mlangoni mpaka meza kuu, hatua mbili mbele na moja nyuma, kwa ajili ya kukabidhi seti ya glasi. Halafu mtu wa studio akaongeza makopa mekundu yanayoruka kutoka pembeni, yanapasuka, na ndani yake anatokea bwana harusi akifuta jasho.

MiniDV zilikuja na mateso ya kisasa zaidi. Zinataka mlango wa FireWire, ambao kompyuta za siku hizi hazina. Na kamera ya shemeji ni ya kwao, mfumo wa NTSC, mistari 525, ilhali televisheni ya shangazi ni ya zamani, ya PAL, mistari 625. Ukimpa diski ya NTSC anaweza kupata picha isiyo na rangi, inayopanda na kushuka. Basi kompyuta ibadilishe, usiku kucha, feni ikilia, na umeme ukikatika alfajiri unaanza upya.

Lakini hayo yote ni mashine, na mashine nazisamehe. Matatizo ya kweli yalianza nilipofika kwenye diski. DVD ya kawaida imeandikwa 4.7 GB. Ukiitia kwenye kompyuta inasoma 4.37. Hujaibiwa: kiwandani wanahesabu kwa 1,000 na kompyuta yangu inahesabu kwa 1,024, kila mmoja na kipimo chake kama wauza mchele. Vyovyote utakavyohesabu, picha ikiwa nzuri inaingia saa mbili hivi. Harusi ina saa sita.

Nikapendekeza, kwa adabu zote, tupunguze. Nilidhani tutaanza na foleni ya chakula. Mama mdogo akauliza kwa upole wa kutisha kama najua nani aliyepika pilau lile. Tuondoe hotuba? Ya baba mkubwa ndiyo ndefu kuliko zote, na baba mkubwa yuko hai na ana masikio. Zawadi? Kila kundi linalocheza pale lina watoto na wajukuu, na wote wana namba yangu ya simu. Bibi harusi mwenyewe aliniambia kwa siri kwamba kwa upande wake nifute yote, nibakize keki. Sikuthubutu hata kulifikisha.

Ikawa diski tatu. Ukaja ugomvi wa nani yuko kwenye ya kwanza. Upande wa mume wanasema wao ndio walioposa. Upande wa mke wanasema sherehe ya kumuaga binti ilitangulia, na kwa hiyo kwa haki ya kalenda wao ni diski namba moja. Kijana mmoja aliyesema iwekwe tu kwenye WhatsApp alitazamwa mpaka akatoka nje kupokea simu ambayo haikuita.

Jumapili wamekutana kwa shangazi, wameunda kamati. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kadi za michango zimeshaanza kutembea. Uzinduzi rasmi wa DVD utakuwa na MC, keki na chakula. Mpigapicha wa video ameshalipwa malipo ya awali. Nimempigia kumuuliza anapiga kwa saa ngapi, akanijibu kwa fahari: "Mpaka mtu wa mwisho aondoke, kaka."