Barua kwa Yaya: shemeji na acheke

Twin Falls, Idaho, Januari

Yaya mpendwa, pamoja na shemeji na watoto,

Wasingya, asante kwa ujumbe wa sauti. Umeuliza kama nimeshamwona ngamia huku jangwani. Yaya, jangwa hili halina ngamia wala mchanga wa kusimulia. Lina ng'ombe wa maziwa, vichaka vya kijivu, na baridi inayonilazimu nimwombe shemeji msamaha.

Mnakumbuka nilivyokuwa nikimcheka. Kila akitoka Beni kuja kwetu Butembo, kilomita hamsini na kitu tu, alishuka garini na koti juu ya sweta juu ya shati, nami nimesimama na fulana, najidai mtoto wa milimani. Juzi mwanangu aliyeko darasa la sita amenipigia hesabu: ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kama nyuzi 6, na Butembo imeipita Beni kwa mita 500 na ushee. Fahari yangu yote ile, kumbe, ni nyuzi tatu au nne!

Wiki yangu ya kwanza hapa simu iliandika 14. Nikasema, 14 si Butembo ya alfajiri hii? Nikavaa shati na kandambili, nikatoka kutupa taka. Hakuna aliyeniambia kwamba Wamarekani hupima kwa Fahrenheit, na 14 yao ni nyuzi 10 chini ya sifuri. Nywele za puani zikawa sindano. Taka sikuzifikisha. Kijana wa jirani akapita na kaptula, akanipungia mkono kwa furaha.

Wala msisingizie milima. Mji huu uko mita 1,140 hivi, yaani mwinuko wa Beni! Shemeji na acheke, nimempa ruhusa. Sababu ya baridi ni nyingine: kwanza tuko mbali na ikweta, na jua la Januari hupita chini kwa chini kama mtu anayekwepa mdai wake. Halafu hewa yetu ni kavu. Upepo wenye unyevu wa Pasifiki hukutana na milima ya Cascade kabla ya kutufikia: hewa ikipanda hupoa, mvuke hugeuka matone, mvua inaishia kulekule. Sisi tunaletewa makapi. Mwaka mzima tunapata kama milimita 250, mvua na theluji pamoja. Butembo hupata mara tano hivi. Na usiku usio na wingu, joto la ardhi hupaa kwa urahisi, kama nyumba iliyoezuliwa bati.

Nasi Butembo tulilala chini ya blanketi la bure, tukalitukana kila asubuhi! Ule ukungu ni wingu lenyewe, Yaya, limechoka kupaa likaketi mlangoni. Kila tone hushika chembe ya vumbi au moshi ndipo lipate kuwa tone, kwa hiyo hata moshi wa makaa yako una mchango. Matone hayo ni madogo mno: tone moja la mvua linataka matone ya wingu kama milioni.

Wiki iliyopita ukungu ukatokea na huku. Hewa ya vuguvugu ilikaa juu kama kifuniko cha sufuria, baridi ikafungiwa bondeni pamoja nasi. Nilitoka mbio kuupokea kama ndugu aliyeshuka basi. Si ndugu. Matone yake hubaki maji hata chini ya sifuri, yakisubiri kugusa kitu ndipo yagande. Yaligusa nyaya, yakagusa vichaka, yakagusa kope zangu. Nilirudi ndani nimezeeka miaka thelathini, watoto wakanipiga picha.

Ukungu ulipoondoka nikaanika suruali nje, kwa mazoea. Baada ya saa moja ilikuwa imesimama yenyewe, nikaibeba kwapani kama ubao wa chukudu, kile kigari chetu cha mbao. Mwanangu akasema niirudishe kambani. Nikabisha, nikashindwa: jioni ya kesho yake ilikuwa karibu imekauka, barafu imekuwa mvuke bila kupitia maji. Kwetu nguo zenye maji halali zilichukua siku tatu.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Lile koti la shemeji bado lipo? Lipeleke sokoni likapimwe kilo, mniambie gharama ya kulituma. Ila msinipigie bei ya Butembo, mnipigie ya ndugu.

Mdogo wako